Majivu ya Mafiga Yako

Mama,

Ni mimi, Nyangi. Mke wako.

Nimeanza hivyo ili usiseme najificha. Hapa Bweri nikisema nimefiwa, watu wanauliza mume alikuwa anafanya kazi gani. Nasema alikuwa analima. Siendelei. Wakijua mume wangu alikuwa mwanamke wataweka ndoo chini wakae kunisikiliza, na fundi atanifukuza mimi, sio wao.

Naandika kwa sababu Jumamosi nakuja nyumbani kwako Nyamuswa kufanya jambo. Sio jambo zuri. Sitaki ulisikie kwa wengine huko uliko. Ulisemaga, "Nyangi, kama unaniibia, niibie nikikutazama." Haya. Nitazame.

Neema, mtoto wetu, alitaka aniandikie. Nimekataa. Nimechukua karatasi za daftari lake na kalamu yake. Darasa la nne halijafutika lote, lakini mkono umeharibika kwa zege, herufi zinalala. Na wewe kusoma hukujua. Basi tuko sawa.

Mvua mbili zimepita tangu tukuzike. Kaburi limebonyea upande wa kichwa. Nimejaza udongo mara mbili, linabonyea tena. 

Mwezi wa kwanza baada ya mazishi alikuja Magesa, yule mtoto wa shemeji yako. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akapima mlango kwa mkono, shubiri kwa shubiri. Nikamuuliza, "Unapima nini?" Akasema, "Napima tu, mama mdogo." Mara ya pili akaja na kufuli. Akafunga ghala, akanipa pole ya msiba, akaondoka na ufunguo. Mara ya tatu nimetoka kisimani nakuta fahali wake kafungwa kwenye nguzo ya nyumba yako. Anakula majani ya juu ya kaburi.

Magesa siku hizi anaongea polepole. Anacheka kidogo. Ulisemaga mtu wa ukoo ule akianza kuongea polepole, hesabu watoto wako. Nikahesabu. Ninaye mmoja tu.

Nikamchukua Neema tukaja Musoma. Tumepanga chumba Bweri. Hapa nyumba zinaota kama uyoga, kazi haikosekani. Mimi ni saidia fundi. Nabeba zege, nabeba maji, naponda kokoto zikipungua. Yeye yuko kidato cha tatu, shule yake ileile ya hapa mjini. Nyumba yako nikaifunga mlango. Moto wa mafiga niliuacha unajifia wenyewe. Sikuumwagia maji. Hilo ulilonikataza nilikumbuka.

Unakumbuka kile kitabu?

Cha shule, kile cha jalada lililotoka. Ilikuwa likizo, Neema kidato cha pili. Wewe mguu ulishaanza kuvimba, unauweka juu ya debe, unachambua ulezi. Mimi nakaanga dagaa. Neema anasoma kwa sauti maana ana mtihani, na wewe umemwambia kusoma kimyakimya ni kusengenya.

Hadithi ya bwana mmoja mwenye mji mkubwa. Wake wanne. Ukutani vigingi vinne, kila mke na kibuyu chake cha maziwa. Mke akikosea, kibuyu chake kinageuzwa mdomo chini, na siku hiyo hapati maziwa, yeye na watoto wake. Na anayekigeuza sio bwana. Bwana anakohoa tu. Anayeinuka kwenda kugeuza ni mke mkubwa.

Basi wale wake wadogo wanachongeana. Huyu anapeleka maneno ya yule ili kibuyu chake yeye kikae sawa. Wewe ukakasirika mpaka ukamwaga ulezi.

"Wapumbavu hawa! Wako wanne. Si wamkamate yule mzee wamfunge na kamba ya ndama?"

Mimi nikasema, "Na nani atakamua ng'ombe, wakati wameshika mzee?"

"Atakamua huyo mwenye kiherehere. Wewe."

Neema akasema, "Bibi, mama, nyamazeni. Mimi nina mtihani, nyie mna vita."

Mwalimu alikuwa amewapa swali. Waeleze mahusiano ya wanawake, na ndoa, na ishara ya kibuyu. Ukauliza ishara ndiyo nini. Neema akasema, ni kitu kinachosimama badala ya kitu kingine. Ukauliza kibuyu kimesimama badala ya nini. Akasema, badala ya mwanamke.

Ulicheka, Mama. Meno yako mawili yale. Ukasema, "Andika hivi. Kibuyu ni kibuyu. Kibuyu kinatunza maziwa. Mwanamke anayatoa."

Akaandika hivyohivyo. Mwalimu akampa vema, akaandika pembeni: nani kakufundisha hii?

Ukatembea siku nzima na ule mguu kwenda kwa majirani kusema umefaulu kidato cha pili.

Lakini jioni ya siku nyingine, Neema ameenda kuteka maji, ukaniita. Ukasema bila kunitazama, "Nyangi. Yule mke mkubwa anayegeuza vibuyu. Ni mimi?"

Nilikuwa nasonga ugali. Nikaendelea kusonga. Ugali ulikuwa umeshaiva na mimi nasonga tu. Hukuuliza tena mpaka unakufa.

Nilikuwa na jibu. Nitakupa. Ngoja nifike.

Acha kwanza nikukumbushe siku niliyokuja, maana Neema ameniuliza juzi nikashindwa kumweleza vizuri.

Nyumbani Butiama ng'ombe wako waliingia asubuhi, sita. Aliyewaswaga alikuwa kijana mrefu, shati jeupe, ana baiskeli. Mama yangu akasema, haya, ndio mambo hayo. Nikamtazama yule kijana. Nikasema moyoni, afadhali. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Njia nzima ya kuja Nyamuswa nakaa nyuma ya ile baiskeli najifunika uso, najifanya naona aibu, kumbe nachungulia mgongo wake. Tumefika, yeye akakabidhi fimbo, akapewa togwa, akanywa, akapanda baiskeli akaenda. Alikuwa mswagaji tu.

Nimesimama uwanjani na mfuko wangu. Ukatokea mlangoni wewe. Mnene, kitenge kimefungwa kifuani, unajifuta mikono.

Nikasema, "Shikamoo mama. Mume yuko wapi?"

Ukasema, "Mume ni mimi. Ingia, uji unapoa."

Hapo ndipo nilijua nimeolewa nyumba ntobhu. Niliwahi kusikia, sikudhani itanipata. Mwanamke hana mtoto wa kiume, mume wake kafa, mji wake utaliwa na shemeji. Basi anatoa ng'ombe zake anaoa msichana, anamtafutia mwanaume wa kuja na kuondoka, na watoto wanakuwa wa mji wake. Wanaitwa kwa jina lake. Moto wake hauzimiki.

Baba yake Neema ulimtafuta wewe. Ulimwambia aje Jumatano. Hukuniuliza kama Jumatano inanifaa.

Akaja Neema. Halafu akaja yule wa kiume, aliyezaliwa kimya. Ulimfunga mwenyewe kwenye kitenge chako kipya, ukamzika nyuma ya nyumba, ukarudi ukaniambia, "Usilie kwa sauti, wanasikiliza." Nilidhani ni ukali. Ni juzi tu nimeelewa kina nani walikuwa wanasikiliza.

Maana haukupita mwezi, shemeji yako, baba yake Magesa, akatuma kibuyu cha maziwa. Na maneno. Kwamba wewe, Wakuru, sasa umezeeka, mke wako hana mtoto wa kiume, mlete huku kwangu nikae naye mimi, ili ng'ombe zisipotee. Nilikuwa chumbani bado natoka damu. Nilisikia yote. Nikasema, nimekwisha.

Ulikunywa yale maziwa. Yote, umesimama, mbele ya aliyeleta. Ukapiga magoti kwenye mafiga, moto unawaka, ukachota jivu la moto kwa mikono yako hii, ukajaza kibuyu mpaka shingo. Ukasema, "Mpelekee. Mwambie Wakuru amejibu."

Halafu ukaweka kuni nyingine motoni, ukanipikia uji. Viganja vilikuwa vimeungua. Ulinilisha na kijiko umekishika kwa vidole viwili.

Hakutuma tena. Ila mji ule haukutusalimia mpaka alipokufa yule mzee. Ukaniambia siku hiyo, "Jivu la mafiga sio mchezo. Ukilitoa kwenye moto unaowaka, unasema hapana. Ukilitoa kwenye moto uliokufa, unasema mji huu umefungwa." Nilisikia kwa sikio moja. Nilijua moto wako hautakufa.

Sasa nikwambie kosa langu.

Wiki tatu zilizopita nilikuja Nyamuswa kufagia kaburi. Nikaja na Neema, wamefunga shule siku mbili. Hatujamaliza kufagia, akaja Eliza, mke wa Magesa. Ana mimba ya sita sasa. Kashika kibuyu cha maziwa. Akasema, "Dada, Magesa amesema haya maziwa ni ya kumaliza matanga ya mama. Mnywe, mpumzike."

Nilifurahi, Mama. Nakwambia ukweli. Nikasema labda moyo wake umelainika.

Neema akakitazama kile kibuyu, akakigeuza upande. Akaniambia pembeni, "Mama, hiki kibuyu sio cha kina Magesa. Vyao navijua. Hiki kina shanga shingoni."

Nikasema, "Kunywa maziwa. Usiniletee mambo ya kitabu."

"Mama, kibuyu cha watu huja na jambo lake."

Nikamjibu kwa maneno yako. Nikasema, "Kibuyu ni kibuyu."

Tukanywa. Na mimi nimelelewa kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ukiletewa chumvi kwenye kisahani, unarudisha kisahani na kitu. Nikaosha kile kibuyu vizuri, nikakijaza unga wa ulezi, ule wa mwisho uliosaga wewe. Nikampa Eliza. Akakipokea. Hakunitazama usoni, nikadhani ni uchovu wa mimba.

Siku nne baadaye akanipigia simu. Anaongea chini chini, nasikia kuku, nadhani alijificha bandani.

"Dada Nyangi. Umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Ule unga wamepika uji. Wameunywa wazee wote, na yule mtu alikuwepo. Kibuyu chao kikirudi kimejaa, umekubali, dada. Yale maziwa ni ya ng'ombe wa yule mtu wa Bunda, mwenye mashine za kusaga. Ng'ombe zimeshaingia kwa Magesa. Nane."

"Za nini?"

Akasema, "Za Neema."

Nilikuwa ghorofani nimebeba ndoo. Nilikaa chini na ile ndoo kichwani. Fundi ananiita, "Wewe mama, zege inakauka!" Namsikia kama yuko ng'ambo ya ziwa.

Nikamuuliza Eliza, "Ulijua wakati unaleta?"

Akasema, "Nilijua kuna kitu. Nilipewa nibebe. Nikabeba." Halafu akalia. "Dada, nisamehe. Mimi kibuyu changu kiligeuzwa siku nyingi."

Na yeye kile kitabu hajakisoma, Mama. Hata hajui kama kipo.

Yule mtu ana wake wawili na mvi mpaka kwenye nyusi. Magesa amesema wewe ulinioa kwa ng'ombe za ukoo, mimi sikuzaa wa kiume aliyeishi, basi mji ni wao, na binti wa mji ni wao. Watakuja kumchukua Jumamosi pale kwako Nyamuswa, nimeagizwa nimlete. Shule ikiuliza, watasema katoroka mwenyewe kafuata mwanaume. Tumeshaona wangapi.

Nilikwenda ofisini kwa mtendaji. Nikaambiwa ameenda semina, nirudi Jumatatu. Wao wanakuja Jumamosi. Nikaenda kwa mwalimu wa Neema, yule yule wa vema. Akasimama palepale. Akasema mwanafunzi akiozeshwa, aliyemuoa na aliyemuozesha wote ni jela miaka mingi, na yeye mwenyewe atapeleka jina la Magesa polisi. Akamchukua Neema akamwingiza bweni. Akaniambia na mimi nisiende Nyamuswa, ni hatari.

Nikamwambia, mwalimu, polisi ni sawa, wapelekee. Lakini wale wazee wamekunywa uji. Neno la polisi wataliita neno la mjini. Wanataka waambiwe kwa lugha yao. Nisipokwenda, wataendelea kuhesabu kwamba nimekubali, na mtoto hatatembea barabarani kwa amani mpaka azeeke.

Jana nilikwenda bweni kumuona. Nikamuuliza, kile kitabu kinaishaje? Maana wewe ulikufa tumefika katikati, na mimi sikutaka kujua tena. Neema akasema yule mke mdogo wa nne anatungua kibuyu chake ukutani, anatoka nacho mchana kweupe, watu wanamtazama, anapotelea mtoni. Kitabu kimeishia hapo. Mwalimu anasema ni ukombozi. Wenzake wengine darasani wanasema alizama.

Nikamuuliza, "Wewe unasemaje?"

Akasema, "Mimi naangalia mama yangu, ndipo nitajua."

Mtoto gani anasema maneno kama hayo. Nilimpiga kofi dogo la begani. Halafu nikamshika.

Nimeishia hapo Ijumaa. Sasa ni Jumamosi, naandikia kwako, nimekaa kwenye kile kigoda chako. Nilipanda basi la alfajiri mpaka Bunda, nikapanda lingine. Kondakta aliniuliza mbona sina mzigo. Nikasema nakwenda kuuchukua.

Mlango haukunipa shida. Ndani kuna harufu ya popo. Juu ya kitanda chako kuna kofia ya mwanaume. Sio ya Magesa, kubwa kuliko kichwa chake. Nimeitoa kwa kijiti nikaiweka nje juu ya jiwe.

Kibuyu chako kiko kwenye kigingi. Mdomo chini.

Nimesimama, nikasema nani amekuja kugeuza. Halafu nimekumbuka. Ni mimi. Siku ya mazishi, nilikigeuza panya wasiingie. Neema alikuwa hapa mlangoni, aliniona. Mimi nikaendelea kufagia.

Basi jibu lako ndilo hili, Mama. Uliniuliza kama yule mke mkubwa ni wewe.

Ndiyo.

Ulinipiga na mwiko kwa ajili ya dagaa walioungua. Ulinichagulia mwanaume kama unamchagulia mbuzi dume. Mama yangu alipougua Butiama ulininyima ruhusa, ukasema palizi haijaisha, nikafika wameshazika. Hilo sijakusamehe. Nilijaribu kanisani, halitoki. Ndiyo, ni wewe. Na mimi pia ni yeye. Kibuyu cha maziwa kimekuja kumnunua mtoto wangu, na mimi ndiye nilimwambia kunywa, nyamaza.

Lakini yule wa kitabuni hakuunguza viganja hata siku moja. Aliyekiandika hakukujua wewe. Angekujua angeongeza karatasi.

Haya. Nimeshachota.

Mafiga yamepoa mpaka ndani. Jivu la juu ni la vumbi, nimeliondoa. La chini ndilo lako, jeupe, laini kama ulezi. Nimejaza kibuyu chako mpaka shingo. Sitampa Eliza abebe. Nitampa Magesa mkononi mimi mwenyewe, mbele ya wale wazee na yule wa Bunda mwenye kofia.

Najua nilichofanya. Wewe ulichota moto unawaka. Mimi nimechota kwenye ubaridi. Nimeufunga mji wako, na mji uliofungwa hauna binti wa kuozesha. Ulitoa ng'ombe sita moto usizimike, na mimi uliyeninunulia kuulinda ndiye nimekuja kuusomba kwa mikono. Baada ya leo siwezi kukanyaga uwanja huu. Kaburi lako litabonyea na sitalijaza. Fahali atakula majani yote. Yule mdogo wa nyuma ya nyumba atabaki na wewe peke yenu. Umtunze. Hilo ndilo lililonifanya niandike karatasi zote hizi, sio lingine. Magesa simwogopi kama ninavyokuogopa wewe.

Ila ningeuacha moto wako uendelee, kuni zake ni Neema. Huo moto siutaki. Nadhani hata wewe, ukitulia, huutaki. Ulimuuza ng'ombe wako wa mwisho, yule wa mguu mbovu, ili huyu mtoto asome. Hukumuuza ili amfuate mwenye mashine ya kusaga.

Nimeng'oa figa moja. Lile la upande wa mlango, lenye ufa, ulilokuwaga unalipiga teke. Liko kwenye gunia hapa miguuni. Litaniumiza mgongo kuliko zege, lakini nitalibeba mpaka Bweri. Huko mawe ya kuongezea yapo mengi, mimi mwenyewe ndiye nayaponda. Nakuahidi nitapikia juu yake. Na Neema mwalimu ameshamwandikisha mtihani. Ameandikwa Neema Wakuru. Nimeliona jina kwa macho yangu, nimelisoma herufi kwa herufi. Magesa hana kufuli ya pale. Nakuahidi hilo jina halitafutwa na mtu nikiwa hai. Na nisipokuwa hai, mwalimu ana namba ya Eliza, na Eliza amesema safari hii atasema.

Pikipiki zimefika. Nimehesabu tatu. Zimezimwa pale barabarani, hawakuja nazo mpaka uwanjani. Mbwa wa jirani amebweka mara moja, akaacha.

Nasikia wanaongea polepole.

Sasa kimya. Wameona kofia.

Mama, lala. Sisemi tutaonana, maana utanipiga na mwiko. Karatasi nazichomeka hapa kwenye udongo wa mafiga, mahali pa lile figa nililotoa. Ukitaka kunijibu unajua ndoto zangu ziko upande gani.

Magesa yuko mlangoni. Anapiga hodi. Kwenye nyumba aliyosema ni yake, Mama, anapiga hodi.

Naenda kufungua.

Mke wako,
Nyangi